Kwa Vijana Wanaoingia Studio Wakiamini FM Imekufa

Kila kundi jipya la wanagenzi linapoingia katika studio zetu hapa Mombasa, juma la kwanza halimaliziki kabla mmoja wao hajatangaza, kwa sauti ya mtu aliyeleta habari nzito, kwamba FM imekufa na kwamba redio siku hizi ni simu. Juma la pili kijana huyo huyo huendesha shindano hewani, awaambie wasikilizaji kwamba mpigaji wa kwanza kutaja jina la wimbo atapata zawadi, kisha ashangae ni kwa nini mshindi siku zote ni mtu wa FM, na ni kwa nini wanaosikiliza mtandaoni hupiga simu wakati yeye ameshaaga na kuingia matangazo ya biashara. Juzi nimeliona kosa hili tena, likitendwa kwa kujiamini kule kule, nami nimeona afadhali niandike mara moja kuliko kuendelea kufoka nyuma ya kioo cha studio. Nawapenda vijana hawa, na baadhi yao wana masikio makali kuliko yangu, lakini mwaka hadi mwaka nimekuwa nikirekebisha mambo yale yale.

1. Dijitali ya hewani na dijitali ya intaneti ni kazi mbili tofauti, na anayezichanganya huishia kumpa meneja ushauri wa hasara. Ile ya hewani, kama DAB, ambayo chimbuko lake ni mradi wa Ulaya wa Eureka 147 ulioanza miaka ya 1980, hutumia mnara na antena kama FM, ila stesheni nyingi hupakiwa pamoja katika bloku moja ya masafa yenye upana wa takribani megahezi 1.5. Msikilizaji hununua redio ya aina hiyo mara moja, kisha husikiliza bure mpaka redio ichakae. Shirika la utangazaji la Norway na BBC ya Uingereza yote yalianza kurusha matangazo ya DAB mwaka 1995, na mwaka 2017 Norway ikawa nchi ya kwanza duniani kuzima FM ya kitaifa, ikiziacha stesheni ndogo za mitaani ziendelee na masafa yao ya zamani. Uingereza haikuzima FM, lakini mwanzoni mwa mwaka 2018 takwimu za Rajar, chombo kinachopima usikilizaji wa redio huko, zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya muda wote wa kusikiliza redio nchini humo ulikuwa ukipitia njia za dijitali, na fungu kubwa la muda huo lilikuwa la DAB. Vijana wangu husoma kichwa cha habari kuhusu ukuaji huo, wakadhani Waingereza wote wamehamia kwenye bando.

Hapa Kenya televisheni ilihamia dijitali mwaka 2015, na wenye umri wangu wanaikumbuka Februari ile ambayo stesheni kubwa zilitoweka kwenye skrini kwa zaidi ya wiki mbili huku zikivutana na serikali, na watu wakikimbilia madukani kuulizia ving'amuzi. Redio haikuguswa. Imebaki kwenye FM, kati ya megahezi 87.5 na 108, na katika miji mikubwa ukizungusha kitufe huoni pengo la kupenyeza stesheni nyingine. Kwa sababu hiyo ukuaji wa redio ya dijitali hapa kwetu umepita kwenye simu, bila ya ile hatua ya katikati ambayo Ulaya imeitumia zaidi ya miaka ishirini kuijenga.

Mtu asiyeamini na aende akatazame magari yanayoshushwa bandarini Kilindini. Mengi ni mitumba kutoka Japani, ambako FM huanzia megahezi 76, na redio zake nyingi hukomea 90 au 95, kwa hivyo mwenye gari huanza kwa kumtafuta fundi amfungie kifaa cha kubadili masafa ili azipate stesheni zetu zilizo juu. Japani haikuichukua DAB kwa redio zake, basi gari hilo haliji na DAB hata likiwa jipya namna gani. Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba redio za magari mapya, kuanzia Desemba 2020, ziweze kupokea dijitali ya hewani. Agizo hilo halimfikii dereva wa matatu ya Kongowea. Yeye husikiliza FM kwa kifaa cha fundi, au huunganisha simu yake na spika, na siku bando linapokwisha hurudi FM bila kumwaga machozi.

2. Msikilizaji wa mtandaoni hulipa ili akusikie. Sentensi hii ningeibandika juu ya kila mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti studioni, kama ningeruhusiwa. Kwenye FM sisi ndio tunaolipia umeme wa transmita, na bili ni ile ile awe anasikiliza mtu mmoja au mji mzima. Mtandaoni kila dakika ina gharama pande zote mbili. Ukirusha sauti ya MP3 kwa kilobiti 128 kwa sekunde, msikilizaji anakula karibu megabaiti 58 kwa saa. Ukitumia AAC ya kisasa, namna nyingine ya kuibana sauti, kwa kilobiti 48, anakula kama megabaiti 22, na kwa kipindi cha mazungumzo hatatambua tofauti kwenye spika ya simu. Upande wetu, wasikilizaji elfu moja kwa pamoja kwenye kilobiti 128 wanahitaji seva, yaani kompyuta ya kuwagawia sauti, inayotoa megabiti 128 kila sekunde bila kuchoka. Sasa nieleze, mwanangu, ni kwa nini kila mwaka namkuta mmoja wenu ameipandisha kasi hadi 320 kwa sababu eti yeye ni mpenzi wa muziki. Huyo mpenzi wa muziki husikiliza kwa waya wa studio. Mama anayeuza mahamri Majengo anasikiliza kwa bando la siku.

Wekeni njia mbili, ya juu na ya chini, na ile ya chini ndiyo iwe ya kwanza kufunguka.

3. Saa yako si saa ya msikilizaji wa mtandaoni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu funzo hili nililipata kwa aibu.

Mnajua kwamba sauti ikitoka kwenye mikisa huingia enkoda, kifaa cha kuigeuza iwe data ya intaneti, ikaenda kwenye seva, ambayo mara nyingi iko ng'ambo ya bahari, kisha ikarudi hadi kwenye simu, na kwamba programu ya simu hukusanya sekunde kadhaa za sauti kabla ya kuanza kuicheza ili mtandao ukiyumba msikilizaji asikatikiwe. Matokeo yake ni kwamba mtu wa simu yuko nyuma ya mtu wa FM, mara kwa nusu dakika, mara kwa zaidi. Haya niliyajua. Nilichokuwa sikijui ni ukubwa wa ujinga wangu.

Ilikuwa Ramadhani, nami nilikuwa msimamizi wa mitambo katika stesheni moja hapa mjini ambayo haina haja ya kutajwa. Adhana ya Magharibi tulikuwa tukiipanga mapema katika programu inayoendesha ratiba, kwa kufuata kalenda ya nyakati za sala za Mombasa. Mama mmoja wa Kisauni, ambaye nyumba yake imezibwa na maghorofa hata FM haimfikii vizuri, alipiga simu kulalamika. «Mwanangu,» aliniambia, «redio ya jirani imeshaadhini, watu washafungua, mimi hapa simu yangu ingali yanisomea bei za kuku.» Malalamiko yake yaliniingia. Nikajiona mimi ndiye niliyewekwa pale ili watu wa FM na watu wa simu wafuturu pamoja.

Nikaipima tofauti kwa simu yangu mwenyewe, jioni, wakati mtandao umeelemewa, na simu yenyewe ilikuwa kuukuu. Nikapata dakika moja na nusu. Sikumwuliza mtu, wala sikupima kwa simu nyingine, wala sikujaribu asubuhi. Nikaingia kwenye ratiba na kuiwahisha adhana kwa dakika moja na nusu, ili imfikie mama wa Kisauni kwa wakati wake, nikafunga kompyuta nikiwa na furaha ya mtu aliyetenda wema. Jambo ambalo fundi wa mwaka wa kwanza angepaswa kuliona, kwamba FM na mtandao zilikuwa zikichota sauti kwenye mikisa ile ile, kupitia waya ule ule, halikunipitia akilini hata kidogo. Nilikuwa nimeiwahisha adhana ya mji mzima.

Kesho yake jioni adhana ilitoka, nami nikiwa chumba cha mitambo, kwa mazoea, nikatia tende mdomoni. Mtangazaji wetu, kijana mtulivu, alinitazama kupitia kioo huku amekishika kikombe chake cha uji bila kukinywa, akanionyesha dirishani kwa kidevu. Msikiti ulio nyuma ya jengo letu ulikuwa kimya. Nikaitazama saa ya ukutani, nikaitazama ratiba, na ile tende ikawa haimezeki wala haitemeki. Muda si muda msikiti ukaanza kuadhini, na taa za simu za studio zikawaka zote kwa pamoja. Wa kwanza kupiga hakusalimu. «Nyinyi mwaadhini kwa saa ya wapi?» aliuliza, akakata.

Kalenda tuliyoitumia haikuwa imeongezwa dakika za tahadhari, kwa hivyo hapakuwa na mwanya wa kujitetea. Sheikh aliyekuwa akitusimamia vipindi vya dini alikuja baada ya tarawehe, akaketi, akanisikiliza maelezo yangu yote kuhusu enkoda na seva na simu za watu, asinikatize. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu: «Na huyo mama wa Kisauni, leo simu yake imeadhini wakati gani?» Nilikuwa sijampigia. Tukampigia hapo hapo. Adhana ilimfikia kabla ya msikiti wa mtaani kwake, maana simu yake haikuwa ikichelewa kama yangu, naye, akiwa mtu mzima mwenye akili, aliusubiri msikiti. Kwa hiyo mtu pekee niliyekuwa nimekusudia kumsaidia ndiye aliyenishuku.

Usiku ule tuliomba radhi hewani. Sheikh aliwaambia waliofungua kwa adhana yetu kwamba wanazuoni wamekhitalifiana katika suala la mtu aliyekula akidhani jua limekuchwa, na kwamba aliye salama zaidi ni atakayeilipa siku hiyo baada ya Idi. Niliilipa yangu. Kwa muda mrefu baadaye kila nilipoingia dukani mtaani kwetu palikuwa na mcheshi wa kuniuliza kama jua limeshakuchwa.

Kuchelewa kwa matangazo ya mtandaoni hakuna kipimo kimoja. Kila simu ina wake, kila programu ina wake, na mtu aliyesimamisha sauti ili apokee simu, kisha akaendelea, anaweza kuwa nyuma kwa dakika kadhaa bila kujua. Hata BBC, ambayo imekuwa ikipiga ile milio yake ya kutangaza saa tangu mwaka 1924, haiwezi kuifikisha kwa wakati kwenye redio za DAB, ambazo huchelewa kwa sekunde chache, seuze kwenye simu. Marekani, stesheni zinazotumia HD Radio, yaani dijitali inayorushwa pamoja na FM, huichelewesha ile sauti ya FM kwa sekunde kama nane ili zote mbili zilingane redio inapohama kutoka moja kwenda nyingine. Hilo linawezekana kwa sababu mnara ni mmoja na kuchelewa kwake kunajulikana. Kwenye intaneti hujui. Basi chochote kinachofungwa na saa, iwe adhana, iwe shindano, iwe kusema «sasa hivi ni saa mbili kamili», kifuate saa ya kweli, na msikilizaji wa mtandaoni aambiwe waziwazi kwamba yuko nyuma. Kwa adhana, mwambieni afuate msikiti wake. Kwa mashindano, acheni mambo ya mpigaji wa kwanza: wapeni watu nusu saa ya kutuma ujumbe, kisha chagueni mshindi kwa kura.

4. Adhana ya Mombasa haiishii Mombasa. Enzi za FM pekee, mnara wetu ulijua mipaka yake, na aliyetusikia alikuwa chini ya jua moja nasi, au karibu. Sasa tunasikika Nairobi, ambako jua hukuchwa takribani dakika kumi na moja baada ya letu, na tunasikika Lamu, ambako hutangulia kwa kama dakika tano. Wako pia watu wetu wa Ghuba na Uingereza wanaotufungulia kwa sababu ya hamu ya nyumbani, na wengi wao huwa ndio wasikilizaji waaminifu kuliko wote. Mtangazaji anayesema «huu ni wakati wa kufuturu» bila kuongeza «kwa Mombasa na vitongoji vyake» anamweka mtu wa Eastleigh, Nairobi, katika hatari ile ile niliyowaweka watu wangu, tena kwa dakika nyingi zaidi. Vivyo hivyo «leo asubuhi», «mvua hii» na «foleni hapa Buxton»: tajeni mahali. Haligharimu chochote.

Na kwa kuwa tuko kwenye saa: seva nyingi huhesabu muda kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kipindi cha marudio mlichokipanga saa tano usiku kitatoka saa nane usiku, na hakuna atakayewaambia, kwa sababu wa kuwaambia wamelala.

5. Msijisifu kwa takwimu msizozielewa. Seva huhesabu miunganisho, na muunganisho mmoja si mtu mmoja. Kinyozi wa Mwembe Tayari aliyeunganisha simu na spika kubwa anahesabiwa mmoja, na dukani mwake mna watu wanaongoja zamu na wengine waliokuja kupiga soga tu. Upande wa pili, simu inayokatikiwa na kuunganishwa upya mara kwa mara inaweza kuonekana kama umati, na nimewahi kumwona kijana akimpelekea meneja mchoro wa kupanda kwa wasikilizaji ambao nusu yao walikuwa kompyuta za ofisini kwetu zilizoachwa wazi. Angalieni muda ambao mtu amekaa na si idadi ya waliogusa. Tena angalieni ni dakika gani walipoondoka pamoja. Hapo pana somo ambalo FM haikuwahi kutupa, nami nakiri kwamba katika hili dijitali imetushinda sisi wazee. Tulikuwa tukikisia ni kipindi gani kinachochosha, sasa tunaiona hata sentensi yenyewe.

6. Njia ya intaneti hukatika, na hukatika baharini. Nyaya zinazoleta intaneti Kenya hutua hapa hapa kwetu: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy mwaka uliofuata, na nyingine baada yake. Watu wa Mombasa hudhani kwamba kwa kuwa waya unapanda ufukweni kwao, basi wao watakuwa wa mwisho kuukosa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na eneo zima la Afrika Mashariki likazorota. Studio ilikuwa nzima, enkoda nzima, sauti inaingia, ila kati yetu na seva iliyo Ulaya hapakuwa na njia ya kutosha. FM siku hiyo haikujua kama kuna jambo limetokea. Kijana aliyekuwa ameniambia kwamba FM imekufa alishinda akiwajibu wasikilizaji kwa ujumbe mmoja mmoja, akiwaelekeza waifungue hiyo maiti.

Kama bajeti inaruhusu, kodini seva iliyoko nchini kwa wasikilizaji wa nchini, na ya ng'ambo kwa walio ng'ambo. Kama hairuhusu, walau wekeni rekodi kwenye seva ya kuziba pengo, ili enkoda ikikatika msikilizaji asikutane na ukimya.

7. Yaliyosalia ni mafupi. Rekodini kila kitu, kila siku. Vipindi vya mazungumzo virusheni kwa mono, yaani njia moja ya sauti badala ya mbili. Andikeni jina la wimbo na la kipindi kwenye mtandao, msiache lisomeke «Wimbo 01». Msipandishe sauti mpaka taa nyekundu zikae zimewaka, maana FM ina kifaa cha kuibana sauti kabla ya mnara na mtandao huenda hauna. Wekeni kengele ya kuwaamsha sauti ikinyamaza. Sikilizeni stesheni yenu kila siku kwa simu ya bei nafuu, kwa bando mlilolinunua wenyewe, mkiwa Likoni au Mtwapa, mbali na waifai ya ofisi. Na enkoda isichomekwe kwenye soketi moja na birika la chai. Kama mmelisoma hili mkacheka, nendeni mkaangalie ya kwenu imechomekwa wapi.